Kadi za roboti ya kiwandani zimekoma kutengenezwa: tulivyohangaika na spea, na naomba uzoefu wenu

#1 FundiSevo (mleta uzi)

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kimoja cha unga hapa Dar es Salaam, upande wa Pugu Road. Tuna roboti ya kupanga mifuko juu ya paleti. Ilitengenezwa 2003, ikafanya kazi Ulaya miaka minane, kisha ikaja kwetu mtumba mwaka 2011. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, wala aliyetuuzia, kwa sababu sikuja kumsema mtu. Shida yangu ni hii: mkono wa chuma uko imara, giaboksi hazijalegea, mota zote nzima, ila kadi za elektroniki zilizomo kwenye kabati la kontrola, yaani kompyuta inayouongoza mkono, zinakufa moja moja, na ukiomba mpya unajibiwa kwamba haitengenezwi tena na stoo haimo.

Mwezi wa tatu, zamu ya usiku, draivu ya sevo ya jointi ya 2, yaani kadi inayoipa umeme mota ya kiungo hicho, ilikata. Wanaojua wanajua, jointi ya 2 ndiyo inayoinua mkono mzima. Kulipokucha wakaitwa vibarua ishirini, mifuko ya kilo 50 ikarudi kupangwa kwa mabega. Saa nane mchana nikawakuta wale vijana wamelala kwenye kivuli cha lori, chakula kiko pembeni hawajakigusa kwa uchovu. Tangu siku hiyo hii kazi ya kutafuta spea sikuiona tena kama karatasi za manunuzi.

Nilichokosea nakisema wazi ili mwingine asikosee. Nilisoma jina la draivu kwenye kibao chake, nikalitafuta mtandaoni, nikapata muuzaji wa nje ambaye namba zake nane za mwanzo zilifanana na zetu. Tukalipa. Mzigo ukafika baada ya siku 16. Tukafunga, taa zikawaka, kontrola ikakataa kuitambua. Kumbe herufi mbili za mwisho wa namba ndizo zenye maana: zinaonyesha toleo la kadi na programu iliyomo ndani yake. Ile yetu ni ya toleo la mwanzo, iliyokuja ni ya toleo la baadaye, na hazisikilizani. Muuzaji hakuipokea kwa kuwa tulishavunja muhuri. Ipo kabatini mpaka leo, mpya kabisa.

Kilichotuokoa ni mtunza stoo wetu. Draivu iliyokufa tulishaitupa kwenye rundo la chuma chakavu, yeye akaiokota na kuiweka kwenye boksi, akisema kitu chenye namba hakitupwi kabla namba haijaandikwa. Nikaipeleka Kariakoo kwa kijana anayetengeneza inveta za sola na mashine za kuchomelea. Akaipima siku nzima. Sehemu kubwa ya umeme wa mota ilikuwa salama. Kilichokufa ni kasehemu kadogo kanakoilisha kadi yenyewe volti 5 na 15, kapasita tatu (vijisehemu vya kuhifadhi umeme) zimekauka na dayodi moja imekwenda. Siku ya pili jioni roboti ikainua mkono. Imepanga mifuko miezi saba sasa.

Halafu nikakumbuka: tangu 2011 tumeshatupa draivu kama hizo tatu. Zimeuzwa kwa kilo pale mtaa wa Gerezani pamoja na mabati.

Kwa hiyo msimamo wangu kwenye uzi huu ni mmoja, na natetea: spea ya kwanza ya roboti iliyozeeka ni ile kadi iliyokufia mikononi mwako. Inatengenezeka. Isipotengenezeka, ina vipande vya kuokoa nyenzake. Isipokuwa na vipande, wauzaji wengi wa nje hukupa bei ya kubadilishana endapo unarudisha mfu, na bila mfu bei inapanda sana. Na hata hilo likishindikana, bado ina kibao chenye namba kamili. Ukiitupa umetupa vyote vinne.

Naomba uzoefu wenu, hasa wa kampuni mbalimbali, maana mimi najua aina moja tu.

#2 Changamwe

Salaam alaikum. Niko Mombasa, kiwanda cha sabuni, roboti zetu mbili ni FANUC, kampuni ya Japani, zenye kontrola ya R-J3. Nakuunga mkono, lakini nataka kuongeza kitu ambacho hakiuzwi popote.

FANUC wana sera wanayoitangaza wenyewe, kwamba watahudumia mashine zao kwa muda wote ambao mteja anazitumia. Ni sera nzuri na imetusaidia. Lakini kuhudumia si kwamba kadi iko kwenye rafu Nairobi inakungoja. Mara nyingi unapewa iliyofanyiwa matengenezo, nawe unatoa yako, kwa hiyo hapo pa kutotupa mfu umesema kweli tupu.

Sasa hicho kisichouzwa. Ndani ya kitako cha roboti kubwa za FANUC mna betri nne za volti 1.5, zile nene za tochi. Zinalinda kumbukumbu ya enkoda, yaani mkono ujue uko wapi hata umeme ukikatwa. Sheria yake ni kuzibadilisha kila mwaka, na kuzibadilisha kontrola ikiwa imewashwa. Kuna mwaka mtu wetu alizima kwanza, kwa nia njema, akihofia usalama. Tulipowasha tukakuta alamu SRVO-062 (betri ya enkoda imeisha) kwenye jointi zote. Mkono mzima, kadi nzima, mota nzima, na roboti haijui sifuri yake iko wapi. Karatasi ya vipimo vya sifuri iliyokuja na mashine ilikuwa imepotea. Tulikaa siku nne tukilinganisha alama za kwenye jointi kwa jicho na kurekebisha paleti moja moja.

Na kwenye kadi kuu ya kontrola kuna betri nyingine, ya lithiamu volti 3, inayolinda programu. Hiyo nayo ikifa, programu zimekwenda. Kwa hiyo kabla hujatafuta spea yoyote, chukua bakapu nzima kwenye kadi ya kumbukumbu ya PCMCIA, iweke kwenye kompyuta mbili tofauti, na zile namba za sifuri ziandike kwa wino uzibandike ndani ya mlango wa kabati. Kadi unaweza kuipata Osaka au Detroit. Sifuri za roboti yako hakuna duniani mtu anazo ila wewe.

#3 Mbagala_NRW

Wakuu salamu kutoka Ujerumani, nafanya kazi kwenye kampuni inayofunga na kufungua laini za roboti. Nieleze hizi spea za mtumba zinatoka wapi, kwa sababu ukijua chanzo unajua wakati wa kununua.

Zinatoka kwenye magari. Kiwanda cha magari kikiacha kuunda modeli fulani, laini nzima ya kuchomelea bodi inavunjwa, na hapo kunakuwa na roboti mamia za aina moja, mwaka mmoja, kontrola zinazofuatana namba. Wafanyabiashara wa mtumba wanazichukua kwa jumla. Kwa miezi kadhaa soko linajaa aina hiyo na bei inashuka. Baadaye zinakatwa vyuma, na hapo ndipo kadi inakuwa adimu. Mtu mwenye KR C2, kontrola ya roboti za KUKA wa Ujerumani, anayesubiri mpaka kitu kife ndiyo atafute, anakuja sokoni wakati wenzake wote wenye KR C2 nao wanakuja.

Kwa mpangilio wa umri: KUKA walileta KR C1 mwaka 1996, kontrola iliyojengwa juu ya kompyuta ya kawaida yenye Windows, ikafuata KR C2, halafu KR C4 mwaka 2010. ABB, watengenezaji wengine wa roboti, walikuwa na kontrola ya S4 tangu 1994, ikaja S4C na S4C+, kisha IRC5 mwaka 2004. ABB hugawa maisha ya roboti hatua nne, na ikifika ya mwisho hupewi tena ahadi ya spea. Kujua roboti yako iko hatua ya ngapi ni barua pepe moja tu, iandikwe leo, si siku ya msiba.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki. Mashine kubwa za viwandani zenyewe hazikubanwa na sheria hiyo, ila watengenezaji wa vijisehemu walibadilisha viwanda vyao, na vijisehemu vingi vya zamani vikaachwa palepale. Kadi iliyobuniwa 1998 ikakosa vitu vya kuundia hata kama kampuni ilitaka kuendelea kuitengeneza.

Ushauri wangu kwa mleta uzi: badala ya kununua draivu moja moja, tafuta kontrola nzima ya mtumba ya toleo lako. Ukijumlisha kadi zilizomo, kila moja inakuwa nafuu mno kuliko kuinunua peke yake, na una uhakika zilikuwa zinafanya kazi pamoja. Lakini usilipe bila video ya kontrola hiyo ikiwashwa na mkono ukitembea jointi zote, na kioo kikionyesha saa ilizofanya kazi. Omba picha ya kila kibao, si kibao cha nje tu. Mtu anayekuambia "iko safi, ilihifadhiwa vizuri" huku hataki kupiga picha kibao, achana naye.

#4 FundiSevo (mleta uzi)

Changamwe, hiyo ya sifuri imeniamsha. Roboti yetu inatumia rizolva (kipima nafasi cha aina nyingine, si enkoda) na haina betri kwenye mkono, nikajua tumesalimika. Nimekwenda kuangalia jioni hii. Kuna betri mbili za asidi za volti 12 chini ya kabati, kazi yake ni kuishikilia kompyuta dakika chache umeme ukikatika ili iandike nafasi za jointi kwenye hadi disiki. Zina maandishi ya 2014. Nimepima, moja ina volti 9. Na umeme wetu mnaujua. Kesho nabadilisha zote mbili kabla zamu haijaanza.

Na hadi disiki yenyewe ni ileile ya 2003.

#5 Mbagala_NRW

Mkuu, hiyo disiki ndiyo hatari yako kubwa kuliko draivu. Usiiwashe na kuizima ovyo. Itoe ikiwa bado inasoma, inakili nzima nzima, sekta kwa sekta, si kunakili mafaili. Disiki za wakati ule ni za IDE, muunganisho wa zamani wa disiki, na kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash inaweza kuongea IDE moja kwa moja kupitia adapta ya bei ndogo tu, haihitaji kitu cha kutafsiri katikati. Chukua CompactFlash ya daraja la viwandani, zile za kamera hazivumilii kuandikwa kila saa. Kisha ya zamani iweke kwenye droo pamoja na nakala.

Wenye ABB za S4 na S4C wao shida yao ni flopi. Ikipoteza kumbukumbu inadai flopi za mfumo ili ianze upya, na hizo flopi zimekaa kwenye droo yenye joto miaka 25. Sony, waliokuwa wakubwa kwenye biashara hiyo, waliacha kuuza flopi mwaka 2011. Zinakilini sasa kama picha za disiki, na kuna vifaa vya kuweka mahali pa kisomeo cha flopi vinavyotumia USB.

#6 DadaFundi

Nasoma tangu jana. Mimi natengeneza kadi za viwandani, niko Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa. Kijana wa Kariakoo alifanya kazi nzuri na alichokikuta ndicho ninachokikuta mimi mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo niruhusuni nirefushe.

Kapasita za elektroliti zina maji ya kemikali ndani, na zinakauka. Kanuni tunayoitumia: kila joto likishuka nyuzi 10, maisha yake yanaongezeka karibu maradufu. Chukua kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Ukiiweka kwenye nyuzi 65, unapata kama saa 32,000, ambazo ni miaka mitatu na miezi minane hivi ya kufanya kazi mfululizo. Ya saa 5,000 mahali hapohapo inakupa miaka tisa. Sasa fikirini kabati la kontrola lililowekwa Dar au Tanga, feni limejaa unga au saruji, ndani nyuzi 60 mchana. Feni la elfu chache likibadilishwa kwa wakati linaokoa kadi ambayo hainunuliki. Nikiingia kiwandani kitu cha kwanza nafungua chujio la hewa la kabati, na hapo naijua hali ya kadi zote kabla sijaziona.

Usipime kapasita kwa multimita ya kawaida ukasema nzima. Inaweza kuonyesha ujazo sahihi huku ukinzani wake wa ndani umepanda mara kumi. Kuna mita yake maalumu, inunue. Na mimi nikifungua kadi ya miaka 20 sibadilishi iliyokufa tu, nabadilisha zote za rika lake, kwa sababu zimeishi kwenye joto moja.

Kwa pwani kuna la ziada, chumvi. Kadi za Mombasa na Dar zinakuja kwangu na miguu ya chipu imeota kijani. Hizo nasafisha kwa pombe ya isopropili, nakausha, napaka upya ile varnishi ya kinga.

Chipu zenye kidirisha cha kioo juu, zilizofunikwa kwa stika: usibandue stika hiyo ukaiacha juani. Ndani mna programu ya kadi, na miali ya jua inaifuta. Zaidi ya hapo, zinasahau zenyewe taratibu kwa miaka. Kila inayofika mezani kwangu naisoma na kuhifadhi faili, hata kama mteja hakuomba. Nimeshafufua kadi ya mteja mmoja kwa faili la mteja mwingine wa miaka minne nyuma, namba na toleo vikiwa vilevile. Hapo ndipo nampa heko mtunza stoo wa FundiSevo.

Feki. Chipu iliyokoma kutengenezwa ndiyo inayoghushiwa sana, maana wanaoitafuta wana haraka. Wanachukua chipu ya kawaida au iliyong'olewa kwenye taka, wanakwangua maandishi, wanapaka rangi nyeusi, wanaandika namba unayoitaka. Mimi natazama kwa lenzi kile kishimo cha kuonyesha mguu wa kwanza: kikiwa kimejaa rangi au kina kina kisichofanana na mwenzake, nashtuka. Napangusa kwa asetoni. Maandishi kutoka si kosa lazima, wino mwingine hutoka hata kwenye halali. Mwili wa chipu ukitoa weusi kwenye pamba, hiyo imepakwa. Wa kununua kwao kwa amani ni wasambazaji wenye idhini, na kwa chipu zilizokufa kabisa kuna Rochester Electronics wa Marekani, ambao tangu 1981 wananunua akiba za mwisho za watengenezaji na wana idhini ya kuziunda tena baadhi. Bei iko juu. Lakini ni halali.

Sasa nisichoweza. Chipu iliyobuniwa na kampuni ya roboti kwa ajili yake yenyewe ikiungua, sina pa kuipata isipokuwa kwenye kadi mfu nyingine. Hapo ndipo kadi zilizouzwa kwa kilo Gerezani zinaniuma, maana kadi iliyokufa upande wa umeme mara nyingi ubongo wake ni mzima, na iliyokufa ubongo umeme wake ni mzima. Mfu wawili huzaa mzima mmoja. Nimefanya hivyo mara nyingi.

Na tafadhali, mnaponitumia kadi msiifunge kwa mfuko wa nailoni wa dukani wala gazeti. Umeme tuli unaimaliza njiani. Mifuko ya kijivu yenye kung'aa inayokuja na vipuri vya kompyuta inatosha.

#7 Kibaha_Mtumishi

Naomba kuuliza kwa heshima. Kwa gharama na mahangaiko haya, kwa nini kiwanda kisinunue roboti mpya? Au mkono ule ule ukafungiwa kontrola mpya?

#8 FundiSevo (mleta uzi)

Swali la haki, na uongozi nao uliniuliza hilo.

Roboti mpya maana yake si mkono tu. Kishikio cha mifuko, uzio wa usalama, mkanda, mawasiliano na mzani, programu za aina kumi na nne za mifuko, vyote vimejengwa kuzunguka hii. Tutanunua siku moja, nami nitafurahi. Lakini kununua kwa mpango wa miaka mitatu na kununua kwa sababu kadi moja imekufa usiku ni vitu viwili, na cha pili kinakula pesa ya mishahara.

Kontrola mpya kwenye mkono wa zamani inawezekana kwa baadhi ya modeli na siyo zote. Mota za zamani zina rizolva, kontrola nyingi mpya zinataka enkoda za kidijitali za kampuni husika. Ukibadilisha enkoda unabadilisha mota, ukibadilisha mota unaangalia shafti inaingiaje kwenye giaboksi. Giaboksi zenyewe ndizo sipati nazo taabu: nyingi zinatoka kwa Nabtesco wa Japani, na za zamani zina jina la Teijin Seiki, ambao ni walewale kabla hawajaungana na Nabco mwaka 2003. Ukilinganisha modeli na uwiano ulioandikwa kwenye kibao unaweza kuagiza bila kupitia kampuni ya roboti. Grisi tu usibahatishe, weka ileile iliyotajwa, maana nyingine hula sili.

Na tusisahau kwamba kampuni nazo hufa. Unimation ndio walioingiza roboti ya kwanza kazini, kwenye kiwanda cha General Motors huko New Jersey, mwaka 1961. Miaka ya 80 ikanunuliwa na Westinghouse, kisha ikaishia kwa Stäubli. Mashine zao zilibaki viwandani baada ya wenyewe kutokuwepo.

#9 Pemba_Muscat

Assalam alaykum jamaa. Niko Oman kwenye mambo ya usafirishaji, mizigo ya aina hii hupita kwetu kwenda Dar, Mombasa na Unguja. Nisaidie kwenye upande wangu.

Betri za lithiamu. Zikisafirishwa peke yake, haziruhusiwi kwenye tumbo la ndege ya abiria: zile zisizochajika tangu mwanzo wa 2015, na zinazochajika tangu Aprili 2016. Kwa hivyo mtu akiagiza kontrola na betri za akiba ndani ya boksi moja bila kuzitaja, boksi zima linazuiwa. Agizeni betri peke yake, zisichanganywe na kadi, zitajwe, zije kwa ndege ya mizigo au meli. Nimeona kadi ya kiwanda kilichosimama ikikaa ghalani wiki tatu kwa sababu ya betri moja ndogo kama kidole.

Maelezo kwenye ankara. Andikeni kitu chenyewe: kadi ya kontrola ya roboti ya kiwandani, modeli, namba kamili, imetumika au mpya. Roboti za viwandani zina namba zao za forodha, tangu 2022 za kuinua na kupanga mizigo ni 8428.70 na nyingine 8479.50, mpeni wakala wenu aanzie hapo kutafuta ya spea yake. Mkiandika "kompyuta" au "vifaa vya umeme" mnafungua maswali ambayo hayakuwapo. Na kadi inayotoka nje kwenda kutengenezwa ifanyiwe karatasi za kutoka kwa muda kabla haijaondoka, kwani ikirudi bila hizo inahesabiwa kama mzigo mpya.

Mwisho, mkinunua kontrola nzima, mbao za kreti ziwe na mhuri wa ISPM 15, yaani zimepashwa moto au kufukizwa dawa kuua wadudu. Kreti isiyo na mhuri bandarini ni taabu tupu.

#10 Moro_Zamu

Wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Niko Morogoro, kiwanda cha chakula cha mifugo. Tuna roboti ya kupanga mifuko pia, ya 2006.

FundiSevo, ile draivu mpya iliyokataliwa na kontrola yenu, namba yake inaishia na herufi gani? Naomba picha ya kibao chote. Sisi tuna draivu moja tu ya akiba kwenye stoo, haikuwahi kufanya kazi hapa, tukaambiwa ni mbovu tangu ilipokuja na mashine. Kwa maelezo yako ya matoleo nimeanza kuwaza kwamba labda si mbovu.

#11 FundiSevo (mleta uzi)

Picha nimeweka hapo chini, pande zote nne, na stika ya programu pia. Tuma ya kwako.

#12 Moro_Zamu

Mkuu. Ya kwenu iliyokataliwa ni toleo letu, herufi kwa herufi. Na ile yetu "mbovu" nimepiga picha, tazama mwenyewe mwisho wa namba.

#13 FundiSevo (mleta uzi)

Nimetazama mara tatu, nikamwita mtunza stoo naye akatazama. Ni toleo letu la mwanzo.

Kwanza, msiifunge wala kuiwasha. Ikiwa imekaa bila umeme tangu 2006 kapasita zake zimelala. Ukiipa umeme wote ghafla zinaweza kupasuka. DadaFundi, naomba nikuletee uiamshe taratibu na uipime kabla haijaingia kwenye kabati letu.

#14 DadaFundi

Ilete. Nitaipandisha volti kidogo kidogo. Na faili la programu yake nitalihifadhi, na la mwenzake pia ikipita kwangu.

#15 Moro_Zamu

Uongozi umekubali tubadilishane, kila mtu aandike barua ya stoo. Wikiendi mtu wa zamu yetu alikuwa analalamikia draivu ya jointi ya 3, kwa hiyo yenu imekuja tukiihitaji. Tunaifungaje kwa usalama?

#16 FundiSevo (mleta uzi)

Ya kwetu imepanda basi la saa kumi na mbili asubuhi leo, imefungwa kwenye mfuko wa kijivu ndani ya boksi la mbao, stakabadhi nimekutumia kwa ujumbe wa faragha.

Kabla ya kufungua kabati: mkono ushusheni mpaka kishikio kikae juu ya paleti, au muufunge kwa mnyororo, msitegemee breki ya mota peke yake. Zimeni, fungeni kufuli, ngojeni dakika tano kapasita kubwa zimalize umeme, kisha pimeni kwa mita kuhakikisha. Bakapu ichukuliwe kwanza. Mkishafunga, tembezeni kwa hali ya kuongoza kwa mkono (siyo otomatiki), mwendo wa chini kabisa, jointi ya 3 peke yake, mtu mmoja akiwa na kidole kwenye kitufe cha dharura.

Na ile itakayotoka kwenye jointi ya 3 msiitupe.